Nyuso Kwenye Kamba

Jumamosi za Hafidha hazikuwa na siri yoyote. Aliamka alfajiri, akaswali, akafagia ua, akajaza pipa maji ya bomba kabla hayajakatika, kisha akamwosha ndugu yake Aboud, mtoto wa miaka mitano ambaye kuoshwa kwake kulianza kwa kukimbizwa. Hayo yakiisha, hujitupia mtandio kichwani akaenda kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao, kumsaidia kazi mpaka adhuhuri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na majirani wa mtaa wa Barani, pale Malindi, walimsifu kuwa ni mtoto wa kutumwa akatumika. Sifa hiyo aliijua, tena aliipenda kupita kiasi.

Shangazi yake aliitwa Bi Mwanasiti. Mumewe, Bwana Mahadhi, alikuwa akifanya kazi Jidda, na likizo ya mwaka juzi alirudi na televisheni ya rangi, mashine ya video na kanda sita ndani ya sanduku. Miaka ile ya themanini, kipande kile cha mtaa kilikuwa na mashine mbili tu za video. Mwenye ile nyingine alikuwa akifunga mlango na madirisha kila anapoiwasha, utadhani picha zitatoroka. Bi Mwanasiti hakuwa na choyo hicho. Alianzisha desturi yake mwenyewe: siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri, watoto wote wa jirani, Waislamu na Wakristo, walikaribishwa sebuleni kwake kula kaimati na kutazama sinema.

Kwa kuwa sinema zenyewe zilikuwa za Kihindi au za Kiingereza, palikuwa na mtu wa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili kinachoendelea. Watoto walimwita mfasiri. Mwaka uliotangulia mfasiri alikuwa binti mkubwa wa shangazi, lakini huyo alikwisha kuolewa Mombasa. Mwaka huu kazi ilimwangukia Hafidha, na tangu aambiwe alikuwa akitembea shingo ndefu.

Jumamosi hiyo Ramadhani ilikuwa imebakisha wiki moja kumalizika. Alimkuta shangazi yake anafunga buibui, yuko tayari kwenda sokoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Saumu yaendaje?"

"Yaenda vizuri," alijibu Hafidha, ingawa tumbo lake lilikuwa na maoni mengine.

Bi Mwanasiti alimkabidhi kanda nyeusi ndani ya jalada lililochorwa msichana aliyepanda bega la jitu la udongo. "Hii ndiyo nataka kuwawekea watoto siku ya Idi. Huenda ni nzuri, huenda ni balaa, mimi Kiingereza chake sikijui. Na wewe wajua, watakuja hata wa miaka mitano. Basi itazame yote, mwanzo mpaka mwisho, uisikilize vizuri, kisha uniambie: yawafaa wadogo, au ni ya wakubwa tu? Ukisema haiwafai, nitaweka nyingine. Sina tabu."

"Sawa shangazi."

"Ila ngoja kwanza. Bibi yumo ndani anasoma juzuu yake. Akishamaliza, ndipo uwashe. Sitaki makelele ya sinema yachanganyike na Kurani."

Bibi huyo alikuwa Bi Hindu, mama mkwe wa Bi Mwanasiti, mzee wa Lamu aliyesoma polepole na kwa utamu, wala hakuna aliyethubutu kumharakisha. Shangazi akatoka. Hafidha akakaa kwenye mkeka, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Sasa kulikuwa na jambo jingine. Fundi Kiponda, mshonaji wa mtaani, alikuwa amemwambia Hafidha afike kabla ya adhuhuri kujaribu gauni lake la Idi, gauni la rangi ya waridi lenye mikono ya kuvimba. Akichelewa, atarudi nyuma ya foleni, na foleni ya fundi katika siku za mwisho za Ramadhani kila mtu aijua. Bibi alikuwa bado yuko mwanzo wa juzuu. Sinema ilikuwa ya saa moja na nusu. Hafidha alipiga hesabu mara tatu na kila mara gauni lilikuwa likimponyoka.

Ndipo alipopata akili aliyoiona ni ya ajabu. Aliwasha televisheni, akashika kitufe cha sauti, akakizungusha mpaka mwisho, kimya kabisa. Hakuna makelele, akajiambia, basi hakuna cha kuchanganyika na Kurani. Shangazi hawezi kukasirika.

Sinema ilianza. Binti mmoja mfinyanzi aliishi katika nchi iliyokosa mvua. Akafinyanga jitu kubwa la udongo, jitu likafumbua macho, likambeba begani kwenda kuitafuta mvua ng'ambo ya milima. Katikati ya safari walifika kwenye bwawa jeusi. Akatoka majini mwanamke mrefu, nywele zimemlowa. Mwanamke huyo aliwakamata watoto waliokuja kuteka maji, akawaosha nyuso mpaka zikabanduka, akazianika kwenye kamba kwa vibanio. Watoto wakabaki vichwa laini, bila macho wala mdomo.

Hafidha alicheka. Kweli alicheka, akauziba mdomo kwa mtandio asisikike. Mwanamke yule alikuwa akifumbua na kufumba kinywa kama changu aliyetolewa majini, na nyuso pale kambani zilikuwa zikikunjana kimyakimya. Toka chumba cha ndani sauti ya Bi Hindu ilikuja taratibu, aya baada ya aya, na jua la asubuhi lilikuwa limejaa sebule nzima. Nani angeogopa katika hali kama hiyo?

Picha zilipokwisha alizima, akavaa viatu. Mlangoni akakutana na shangazi yake anayerudi na kikapu.

"Umeshaitazama?"

"Yote, shangazi."

"Na maneno yake je? Umeyasikia? Hamna matusi, hamna makelele ya mashetani?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema, "Sikusikia hata neno moja." Maneno hayo yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini Hafidha alijua kitakachofuata: angeambiwa arudi akae aianze upya, na fundi angefunga. Juu ya hayo shangazi alikuwa akimtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"Hamna, shangazi. Kuna mwanamke wa bwawani tu, naye achekesha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ahsante mwanangu. Mimi nategemea neno lako."

Hafidha alikwenda kwa fundi. Gauni lilimkaa barabara.

*

Siku ya pili ya Idi, Jumapili, sebule ya Bi Mwanasiti ilijaa mpaka mlangoni. Watoto wenye nguo mpya zenye harufu ya dukani walijipanga kwenye mkeka, wadogo mbele na wakubwa nyuma, mikono imenata shira ya kaimati. Hafidha alisimama kando ya televisheni na gauni lake la waridi, akiwapangia watu nafasi kama karani wa serikali.

Mlangoni alitokea Jedida, rafiki yake wa darasani. Mama yake Jedida, aliyeitwa Easter, alikuwa muuguzi, mtu wa bara aliyehamishiwa Malindi kikazi, na siku hiyo alikuwa zamu. Jedida alikuwa amemshika mkono mdogo wake Dedan, mtoto wa miaka sita, mwembamba, mwenye macho makubwa ya kuuliza maswali.

"Hafidha, njoo kwanza," Jedida alinong'ona. "Mama amesema Dedan asitazame kitu cha kutisha. Tangu alazwe na ile malaria, usiku anaweweseka. Kama inatisha, nimrudishe nyumbani tukacheze huko."

"Mlete," alisema Hafidha. "Nimeitazama mwenyewe yote. Haitishi hata kidogo."

"Kweli?"

"Kwani mimi nitakudanganya?"

Jedida akamwamini. Kwa nini asimwamini? Walikuwa wakikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Dedan akaketishwa mstari wa mbele karibu na Aboud, akapewa kaimati mbili.

Mapazia yakashushwa, sauti ikapandishwa ili hata wa mlangoni wasikie. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Hafidha alifasiri kwa mikono, kwa macho, kwa mabega. Mahali ambapo Kiingereza kilimshinda alitia cha kwake, wala hakuna aliyejua. Jitu la udongo lilipopiga chafya milima ikatikisika, watoto walicheka mpaka wakaangukiana. Shangazi alirudi jikoni kuepua kaimati za mwisho akiwa na furaha.

Kisha likaja bwawa.

Kwanza ulisikika upepo, upepo mwembamba wa kupiga mluzi. Halafu mwanamke akatoka majini akiimba. Sauti yake ilikuwa tamu, ndiyo iliyotisha zaidi, kwa sababu ilifanana na ya mama anayembembeleza mtoto. Alipoanza kuosha nyuso sauti ya maji ilijaa sebule nzima. Na nyuso zilipoanikwa, zikaanza kulia. Moja moja, kwa sauti nyembamba, ziliita mama zao kutoka kwenye kamba.

Hafidha alisahau kufasiri. Haikuwa sinema aliyoitazama. Picha zilikuwa zilezile, lakini vilio vile hakuwahi kuvisikia maishani mwake. Mkono wake ulikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye kitufe cha kuzimia. Hakukigusa. Aliona haya kuizima sinema aliyoisifu mwenyewe.

Watoto wadogo walipiga mayowe. Aboud alijitupa kwenye gauni la dada yake akajifunika nalo. Dedan peke yake hakupiga kelele. Alijishika uso kwa viganja vyote viwili, akapapasa macho, akapapasa pua, akainuka, akakimbia nje pekupeku. Jedida akaruka watu akamfuata.

Bi Mwanasiti alitokea jikoni na upawa mkononi. "Kuna nini huku?"

"Wameshtuka kidogo tu, shangazi," alisema Hafidha. Huo ulikuwa uongo wake wa pili kwa shangazi.

Sinema iliendelea, wakubwa wakanyamaza kusikiliza, na mwisho wake ukawa mzuri, wengi wakapiga makofi. Lakini viatu vya Dedan vilibaki mlangoni, na Hafidha aliviona kila alipogeuka.

*

Jumatatu Jedida hakukaa dawati lao. Alihamia nyuma. Hafidha alimfuata wakati wa mapumziko akamkuta ameketi peke yake, anatazama timu ya mpira wa pete ikifanya mazoezi. Jambo hilo lilikuwa la ajabu, kwani Jedida ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Jumamosi ya wiki hiyo timu ilikuwa iende Kilifi kwenye mashindano, na shule nzima ilikuwa ikimtegemea.

"Mbona hufanyi mazoezi?"

"Siendi Kilifi," alisema Jedida bila kumtazama. "Mama amekataa. Anasema nilionywa nikapuuza, na mtu asiyeweza kukabidhiwa mtoto mmoja haaminiki kwenda safari."

"Hukumwambia kuwa mimi ndiye niliyesema haitishi?"

"Nilimwambia. Akasema nisisingizie watu." Jedida akafuta macho kwa mkono wa sare. "Na Dedan hataki kuoshwa uso. Siku ya pili leo. Akiona maji anapiga kelele. Hata uani hatoki, anaogopa kamba ya nguo. Ulinidanganya, Hafidha."

Jumatatu hiyo Hafidha hakumwambia mtu ukweli, Jumanne hakumwambia. Jumatano alipita nje ya nyumba ya kina Jedida akamwona Dedan dirishani: matongo machoni, kamasi zimekauka, uji wa asubuhi umemganda mashavuni. Mtoto wa muuguzi! Alipomwona Hafidha, alijificha nyuma ya pazia. Moyo wa Hafidha uliuma kwa namna ambayo hakuijua. Usingizi ulimruka, chakula hakikumshuka. Mama yake alimpapasa kipaji cha uso akidhani ana homa, naye alitamani ingekuwa homa, maana homa ina dawa.

Alhamisi baada ya shule alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Bi Mwanasiti alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Shangazi, ile kanda niliitazama bila sauti," alisema Hafidha, kabla hata ya kuamkia. Kisha yakamtoka yote: Bibi na juzuu, fundi na gauni, kitufe, kicheko, Jedida, Dedan asiyeoshwa uso, Kilifi. Alipomaliza alikuwa analia.

Bi Mwanasiti hakufoka. Laiti angefoka, Hafidha angejua pa kujishika. Aliweka ungo chini, akajipangusa vumbi la mchele mikononi.

"Nilikuuliza kama umeyasikia maneno yake," alisema hatimaye.

"Uliniuliza, shangazi."

"Ukaniambia hamna ubaya."

"Ndiyo."

"Na mimi nikawaita watoto wa watu kwa neno lako." Akainuka, akachukua buibui lake. "Haya, tangulia. Utakayosema huko utayasema wewe, mimi nitakaa tu."

Mama Jedida alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare yake nyeupe. Aliwakaribisha kwa adabu lakini bila tabasamu. Hafidha alisimama katikati ya chumba, akashika ncha za mtandio.

"Shikamoo mama. Jedida hana kosa. Aliniuliza kama sinema inatisha, akaniambia maneno yako yote, tena alitaka kumrudisha Dedan. Mimi ndiye niliyemwambia amlete. Na nilikuwa sijaisikia sinema yenyewe. Niliitazama bila sauti kwa sababu nilikuwa na haraka ya gauni."

Jedida alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo siku nne zote," alisema Mama Jedida, "umemwangalia mwenzako akibeba kosa lako?"

"Ndiyo, mama."

"Na ungeendelea?"

Hafidha alifikiri. Alikuwa amechoka kusema uongo. "Sijui. Nilimwona Dedan dirishani, nikashindwa."

Mama Jedida alimgeukia binti yake. "Nilikwambia usisingizie watu, kumbe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe, mwanangu. Kilifi utakwenda." Jedida akaanza kulia upya, na mwiko wake ukadondosha mchuzi sakafuni, hakuna aliyejali.

Wakati huo Dedan alikuwa amechungulia kutoka nyuma ya pazia. Mama yake akamwita, akampakata, uso wake mchafu vilevile. "Dedan, baba, niambie. Unamwogopa yule mwanamke kuwa atakuja hapa?"

Dedan akatikisa kichwa. Alimtazama Hafidha kwa yale macho makubwa. "Wale watoto," aliuliza, "walipata nyuso zao?"

Watu wazima wawili wakatazamana. Siku zote nne nyumbani alikuwa akiambiwa kuwa mwanamke yule si wa kweli, kuwa ni mchezo, kuwa hakuna bwawa kama hilo Malindi nzima. Hakuna aliyemwambia alichotaka kujua. Alikimbia katikati ya sinema, na kichwani mwake watoto wale walikuwa bado wako pale bwawani, nyuso kambani, wanaita mama zao.

"Walizipata," alisema Hafidha. "Zote. Hakuna hata mmoja aliyekosa."

Dedan alimtazama. "Wewe ulisema haitishi," alisema. Naye alikuwa na haki ya kutoamini.

*

Ijumaa baada ya alasiri Mama Jedida alifika kwa Bi Mwanasiti, na safari hii sinema ilitazamwa kama ilivyostahili kutazamwa: mapazia wazi, sauti juu, Hafidha ameketi kati ya wanawake wawili akiwafasiria kila neno. Bi Hindu alikuwa amemaliza kisomo chake na amelala. Watoto wote, Jedida na Dedan miongoni mwao, walikuwa nje barazani, upande wa mtaani. Walipofika bwawani Bi Mwanasiti alisema, "Audhubillahi," akavuta leso usoni.

"Kwa wadogo, hapana," alisema mara ilipokwisha. "Kanda hii nafunga kabatini."

"Mimi naona si mbaya," alisema Mama Jedida. "Ina mafunzo. Wa darasa la tano na la sita wataifurahia. Ila wadogo wasiachwe peke yao na bwawa lile."

"Wa miaka mitano, hata ukiwapakata, wataweweseka."

"Labda. Hafidha, wewe wasemaje? Wewe ndiye uliyeziona nyuso zao siku ile."

Hafidha alishangaa kuulizwa tena. Safari hii hakuharakisha. "Aboud asiitazame," alisema. "Wala wenzake. Wakubwa waitazame, lakini waambiwe mapema kuwa kuna mahali pa kutisha, atakayetaka kutoka atoke. Ila Dedan ameshaiona nusu, na nusu aliyoiona ndiyo mbaya. Mimi naona aone mwisho tu."

Mama Jedida alitafakari, kisha akamwita Dedan. Kanda ikapelekwa mbele, bwawa likarukwa. Dedan alikaa mapajani kwa mama yake, vidole usoni, anachungulia katikati yake. Kabla ya kuwasha, Hafidha alichuchumaa mbele yake.

"Nitakuambia kila kitu kabla hakijatokea," alisema. "Kwanza utasikia ngurumo kubwa. Ni jitu letu linajilaza bwawani. Halafu mwanamke atapiga ukelele mmoja, mmoja tu. Ukitaka tuzime, inua mkono."

Ngurumo ikaja. Jitu la udongo likajilaza bwawani, likayanywa maji yote, likawa linayeyuka huku linanywa. Mwanamke akapiga ukelele mmoja, akanywea akawa kibibi kidogo cha kawaida. Dedan aliinua mkono nusu, akaushusha. Binti mfinyanzi akakimbilia kambani, akafungua vibanio kimoja kimoja, na nyuso zikaruka kwenda kwa wenyewe. Watoto wakapapasa pua zao, wakacheka, na mvua ikaanza kunyesha juu yao, ikiwalowesha mashavu.

Vidole vya Dedan vilikuwa vimeshuka mapajani. Alihesabu kwa sauti ya chini watoto waliopata nyuso. Saba. "Wote," alisema.

Akateremka mapajani, akatoka uani. Wote wakamfuata hadi mlangoni. Chini ya bomba kulikuwa na karai la maji. Juu yake ilipita kamba iliyoanikwa leso mbili na shati. Dedan alisimama akaitazama kamba hiyo muda kidogo. Kisha akapita chini yake, akachuchumaa, akatumbukiza mikono karaini, akajimwagia maji usoni mara moja, mara mbili, uji wa siku tano ukachuruzika shingoni. Akainua uso uliolowa, akaupapasa.

"Upo," alisema.

Mama yake alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Jedida, aliyekuwa ukutani na Aboud, alimsogelea Hafidha, akampiga begani kidogo tu.

"Kesho tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Uje kutuaga, na usichelewe."

Usiku ule haukuingia kabla Bi Mwanasiti hajamketisha mpwa wake kwenye mkeka.

"Hafidha, nilipokutuma uitazame kanda ile, sikutaka kujua kama wewe ni jasiri. Nilitaka uwe macho na masikio ya watoto ambao hawawezi kujichagulia. Hiyo ni amana. Mtu akikupa amana, ukaibeba nusu, mwambie: nimebeba nusu. Hakuna aibu hapo. Ungeniambia, 'Shangazi, picha nimeziona, sauti sikuisikia,' ningekucheka, na mambo yangeishia hapo. Ulilolificha dakika moja mlangoni, mtoto wa watu amelibeba siku tano usoni. Umefahamu?"

"Nimefahamu, shangazi."

"Umekosa, lakini umekuja kwa miguu yako kulisema, na leo umetazama vizuri kwa niaba ya wengine. Kwa hiyo sikunyang'anyi kazi." Akafungua kabati, akatoa kanda nyingine, yenye jalada la farasi anayeruka mawingu.

Aboud alikuwa amesimama nyuma yao, amejishika nguzo ya mlango. "Dada," aliuliza, "hiyo inatisha?"

Hafidha aliipokea kanda kwa mikono miwili. Alitaka sana kumfurahisha.

"Sijui bado," alisema.